Mzee Nukta, Mashine Kongwe na Barua ya Onyo

Ijumaa hii, tarehe thelathini, msimamizi wa karakana yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Jina lake la kwenye faili ni refu na hakuna anayelitumia. Sisi tunamwita Mzee Nukta, kwa sababu kipimo kikizidi nukta moja tu, kazi inarudi mezani na wewe unarudi nayo.

Najua wapo waliocheka waliposikia kwamba wasifu huu nauandika mimi. Kwa miaka mitatu mimi na Mzee Nukta hatukuiva chungu kimoja. Wahariri wa jarida letu walikuwa na majina mengine mkononi, lakini mstaafu mwenyewe alisisitiza niandike mimi, na niandike yote. Haya basi, yote ni haya.

Aliingia karakanani akiwa na miaka ishirini na minne, kazi yake ikiwa kufagia mabaki ya chuma chini ya mashine. Mwaka haukuisha akawa anasoma maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, kuwashinda waliomtangulia. Akawa mkerezaji, yaani fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, kisha kiongozi wa zamu, kisha msimamizi. Amefundisha wakerezaji kumi na tisa, na kwa ukali wake sote bado tuna vidole kumi. Siku shafti ya pampu ya hospitali ilipokatika, na ilikuwa siku ya mapumziko, alikuja na kandambili miguuni, akakereza shafti mpya kabla ya adhuhuri, akarudi kwake amenuna kwa sababu ncha moja haikung'aa vya kutosha.

Kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa faili lake. Miaka yote hiyo, hakuna barua ya onyo hata moja! Alilitaja jambo hilo katika kila kikao, nasi tukikonyezana, maana tulijua linakuja.

Sasa nije kwenye Kongwe. Hilo ndilo jina la mashine ya kukereza vyuma iliyokuwa kona ya mwisho, nzee kuliko wengi wetu. Nilikabidhiwa miaka tisa iliyopita, fundi aliyenitangulia alipohama. Mzee Nukta alinionyesha kwa kidole chake matundu manne ya mafuta, akanionya kwamba nisipoyajaza kila asubuhi atanifukuza kabla ya chai. Niliyajaza miaka sita, hata siku nilizokuja na homa. Ndipo asubuhi moja shafti kuu ikapiga mluzi, ikatoa moshi, ikakwama. Tulipofungua, bushi ya nyuma, yaani ile pete ya shaba ambayo shafti huzunguka ndani yake, ilikuwa imeungua ikawa nyeusi.

Mzee Nukta aliandika ripoti ya mistari mitatu: fundi hakutia mafuta. Nikapewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo, kugawa boliti na glovu. Nilijitetea mpaka sauti ikakauka. Wenzangu walinionea huruma, lakini ile huruma ya kumwonea mtu anayejulikana kuwa amekosa. Nyumbani, mama yangu mzazi aliniuliza taratibu kama kweli nilikuwa natia mafuta. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwezi wa tatu mwaka huu Meneja aliamua Kongwe ikatwe iuzwe chuma chakavu. Mzee Nukta akaomba aichukue nyumbani kwake, aifufue kabla hajaondoka. Meneja akakubali kwa sharti moja: irudi ikiwa nzima, ikereze saa moja bila kupata joto, la sivyo inakatwa siku hiyo hiyo. Mzee akasema anahitaji msaidizi, na akanitaja mimi. Nilitaka kukataa. Lakini Kongwe ikifufuka ingehitaji fundi, nami nilikuwa narudi kwenye kazi yangu, na ikikatwa nilikuwa nazeekea stoo. Nikameza mate nikaenda.

Kila Jumamosi tulikutana kwenye kibaraza cha nyuma ya nyumba yake. Gia zililowekwa katika beseni la kufulia. Shafti kuu ililazwa sebuleni juu ya kitambaa cheupe, kwa hofu ya unyevu. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alihamishia cherehani yake jikoni, akauliza mbele yangu: "Huyu mgeni wako wa chuma anaondoka lini, au nimtandikie kabisa?" Mzee hakucheka. Alikuwa anakwangua rangi.

Rangi ilikuwa nyingi, ya kijivu juu, ya bluu katikati, ya kijani chini. Kwetu, wageni wakubwa wakitarajiwa, mashine hupakwa rangi mpya hata kama inalia kwa ubovu. Mnaojua karakana yetu msijifanye hamjui.

Jumamosi ya nne nilikuwa naosha gia kwa mafuta ya taa nikasikia kisu chake cha kukwangulia kimenyamaza. Nilipogeuka, alikuwa ameinamia kichwa cha mashine upande wa nyuma, dole gumba limebana mahali pamoja, jasho linamtiririka. Aliniambia niende nyumbani mapema, eti jua kali. Mawingu yalikuwa yamefunika mji mzima.

Wiki iliyofuata nilikuta kikombe kidogo cha shaba cha kupokea mafuta kimefungwa juu ya bushi ya nyuma, mahali ambapo mimi siku zote niliona chuma laini tu. Nikahesabu matundu. Matano. Nikahesabu tena kwa kidole. Kwenye debe la taka palikuwa na kipande kilichokauka cha puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya kupaka rangi, na juu yake rangi ya bluu.

Rangi ya bluu naijua ilipakwa lini. Ilipakwa kwa ajili ya wageni, wiki ile fundi aliyenitangulia alipokwisha kuondoka na mimi sijaanza. Aliyepaka ni Mzee Nukta mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na brashi. Alipenda uso laini usio na doa. Akajaza matundu yote puti, akapiga msasa, akapaka. Baada ya wageni kuondoka alifungua manne. La tano akalisahau, na mimi akanionyesha manne. Bushi ya nyuma iliishi miaka sita kwa mafuta ya kubahatisha yaliyoruka kutoka kwenye gia.

Nilisubiri aseme. Hakusema. Na mimi sikuuliza, maana nilikuwa na hasira. Tulifanya kazi Jumamosi tano namna hiyo. Tulipofika kwenye kupaka rangi, alivifunika vikombe vya mafuta kwa karatasi kimoja kimoja, akivihesabu kwa sauti ndogo hadi vitano, bila kunitazama. Mkewe alileta chai, akatutazama wote wawili, akarudi ndani bila utani. Kila nikirudi kwangu nilipanga maneno. Niliazimia kwamba siku ya majaribio, Mzee akishapongezwa, nitasimama na kile kipande cha puti mkononi nimvue nguo mbele ya karakana nzima. Nilikuwa nimekifunga kwenye leso, na maneno nimeyakariri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini na moja. Kongwe ilikuwa imerudishwa konani kwake, ya kijivu, safi, kila herufi ya chuma ikisomeka. Meneja alikuja na saa yake na jalada la kustaafu la Mzee, tayari kwa kutiwa sahihi. Mzee aliwasha. Dakika ishirini, shwari. Dakika ya arobaini ikatoka sauti nyembamba, nikaona stoo inanifungulia mlango. Mzee aliweka kiganja kwenye bushi ya nyuma na kukiacha hapo. Ilikuwa ncha ya kisu cha kukerezea tu, imekuwa butu. Akaibadilisha, akaendelea. Saa ilipotimia Meneja naye akagusa, akatabasamu, watu wakapiga makofi.

Meneja akafungua jalada, akauliza, kwa kuuliza tu, hasa Kongwe ilikuwa na ugonjwa gani. Nilikwisha kuingiza mkono mfukoni. Neno moja tu, uchakavu, lingetosha, na kila mtu angeenda kunywa chai.

Mzee Nukta alizima mashine. Alipangusa mikono kwa kitambaa. Kisha akaweka kidole kwenye kikombe cha tano. "Tundu hili niliziba mimi," alisema. "Kwa puti, ili nipendezeshe macho ya wageni. Huyu alitia mafuta kila nilipomwonyesha. Barua ile ilikuwa yangu." Akaomba itolewe kwenye faili langu, na nyingine ya kosa hilo iwekwe kwenye lake.

Meneja akasema, jamani Mzee, umebakiza siku tisa. Mzee akajibu kwamba siku tisa zinatosha kusoma barua.

Barua imeandikwa. Aliisoma amesimama, akatia sahihi, akairudisha. Mimi niko kwenye Kongwe tangu Alhamisi, na kila asubuhi najaza matano. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema ametumikia bila dosari, maana nilidhani namstahi. Alifuta mstari huo kwa kalamu, akaandika pembeni: onyo moja, la haki.

Baadaye aliniambia kwa nini alikaa kimya Jumamosi zote zile. Alisema aliogopa. Mtu mzima wa miaka sitini, aliyetutetemesha sote, aliogopa karatasi moja, na alinieleza hivyo bila kutafuta visingizio.

Sasa na mimi niseme langu, kwa kuwa aliagiza yaandikwe yote. Mzee, hukujua nilikuwa nimesimama na nini mfukoni. Ulinitangulia kwa pumzi moja. Ungechelewa kidogo, mimi ningepata haki yangu na tungeachana maadui, na nadhani ningeifurahia wiki moja tu. Nilimpelekea mama yangu nakala ya barua yako. Aliisoma mara mbili, akalia, akaniomba radhi.

Tunakushukuru kwa miaka thelathini na sita, na kwa ile dakika moja ya Jumatano. Pumzika salama na mkeo, mrudishie sebule yake, na afya isikupungukie. Nilikuwa nimekusudia kukuaibisha mbele ya watu. Leo, mbele ya watu hao hao, nakuomba unisamehe.