Kaltun Duale na Tanuri Lililopika Mawe

Ndugu waombolezaji, kwa heshima na taadhima tunatangaza kwamba Garissa imempoteza mtu wake wa pekee aliyeweza kuingiza mbingu ndani ya jiwe kwa kutumia tanuri la mkate.

Marehemu Kaltun binti Duale alizaliwa Takaba mwaka 1938. Karani wa vitambulisho alimwandikia tarehe mosi Januari, kama alivyowaandikia wote waliokuwa kwenye foleni siku ile, wakiwemo baba mmoja na mwanawe.

Alisoma duksi akahitimu Kurani. Mwaka 1979 alijiunga na gumbaru, darasa la watu wazima, kujifunza Kiswahili, akaacha siku mwalimu alipomsahihisha mara ya tatu alivyotamka pilipili. Alisema bilibili yake inawasha vilevile.

Mwaka 1974 alikuwa amejenga tanuri la mikate ya muufo nyuma ya soko la Garissa. Alioka mikate tu hadi 1991, sonara Deeq alipomwomba nafasi ya chungu kimoja. Ndani mlikuwa na akwamarini, vito vyenye ukijani wa maji ya dimbwi. Deeq alivifukia kwenye mchanga mkavu, akaziba chungu kwa udongo, akaacha joto lipande polepole na lishuke polepole zaidi. Vilipotoka, ukijani ulikuwa umekwenda zake, imebaki buluu tupu, kama anga la Garissa baada ya mvua moja. Deeq alieleza kwamba jiwe lina chembe za chuma, na moto huzibadilisha; ukizidi, jiwe linaingia ukungu; ukilitoa kwa pupa, linapasuka. Kaltun alisikiliza kama mtu anayesimuliwa ndoto yake mwenyewe. Kuanzia hapo alipika vito vya watu.

Aliolewa na Hirsi Nunow tarehe 9 Juni 1960. Ndoa ilikuwa njema, ila mwaka 1994 Hirsi alirudi kutoka msikitini na wageni wanne, akaona chungu kimezibwa, akakifungua kingali moto. Vito vitatu vililia ta-ta-ta vikapasuka.

"Wallahi nilidhani ni mbuzi," alisema.

"War Hirsi! Mbuzi gani anapikwa ndani ya mchanga?"

Raho, mjane kutoka Lafey, alikuja mwaka 1996 baada ya ukame kumaliza mifugo yake. Mumewe, dereva wa lori, alimwachia jiwe moja tu, la kijani cha kuchukiza. Likiwa buluu, angepata mbuzi wa kuanzia upya. Likipasuka, angebaki Garissa akiwafulia watu nguo.

"Eeddo, shangazi yangu, mzee yuko nyumbani?" aliuliza, maana habari za Hirsi na vito vitatu zilikuwa zimemfikia.

"Nimempeleka kwa dada yake. Kaa."

Chungu kiliingia tanurini Jumatatu. Jumanne Raho aliomba kifunguliwe. Kaltun alikuwa amejifungia chumbani, hajibu mtu. Jumatano vivyo hivyo. Majirani wakasema mama yuko katika ibada nzito. Alhamisi alitoka, akavunja udongo, na jiwe likalala kiganjani mwake zima, buluu, limetulia kama mtoto aliyeshiba.

Mnunuzi Abdilatif alishikana vidole na Kaltun chini ya shuka, wakapatana bei bila neno, kama kwenye soko la ngamia. Ndipo Kaltun akasema kwa sauti, "Limepikwa."

"Nani amekuuliza, mama?"

"Hujauliza. Ndiyo maana nakuambia."

Bei ilishuka kidogo. Hata hivyo Raho alirudi Lafey na mbuzi ishirini na wawili.

Kifua kilimshika marehemu baada ya mafuriko ya 1997, hakikumwacha. Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 14 Machi 1999, akazikwa jioni hiyo.

Ameacha mume, Hirsi. Wanawe Idman, Weris na Mohamedamin. Wajukuu kumi na mmoja. Na tanuri ambalo Hirsi amekatazwa kulisogelea. Mola amrehemu na kaburi lake liwe na nafasi na nuru.

Wiki moja kabla ya kifo, Raho alisafiri kutoka Lafey kuja kumuaga.

"Eeddo," alisema akilia, "siku zile tatu ulizojifungia, ukatushinda sote kwa subira, ulikuwa unasoma dua gani? Nifundishe, niwafundishe wanangu."

Kaltun alifungua jicho moja.

"Nilikuwa na malaria," alisema. "Nilisahau kama kuna jiwe."