Bwana Kisasi Hana Balozi

Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa tena, Sirari ilipumua. Sabuni ilirudi, sukari nayo kidogokidogo, na nyuma yake ikaja habari kwamba kule Isebania, ng'ambo ya mpaka, kuna baa yenye televisheni inayowashwa kwa betri ya lori. Kijiwe cha Joram, muuza kahawa, kikapata mada mpya: mchezo wa mtu aitwaye Bwana Kisasi, anayefunika uso kwa kitambaa na kuwafuata wezi majumbani mwao akiwa na panga. Asubuhi hiyo Mseti alikaa mwisho wa benchi, kahawa yake ikipoa. Juzi usiku ng'ombe wake wote walitolewa zizini, na kijiwe kilikwisha kukubaliana kwamba mwizi ni Heche, mtu wa Nyanungu aliyehamia jirani yake mwaka uliopita. Jioni wangekwenda kwake. Mseti alikuwa amelinoa panga lake alfajiri, na sasa lilikuwa chini ya benchi.

— Jana kaua wawili, alisema Nyangwine, ambaye kwa kuvuka mpaka kila mara aliitwa Pasipoti. Mmoja mlangoni mwa choo, mwingine ameshika tonge la ugali.

— Hata hakumwacha ameze? aliuliza Joram.

— Ameze aende nalo wapi?

Stanslaus akakohoa. Huyu naye aliitwa Azimio, maana hakuweza kuomba hata kiberiti bila kukitaja Chama.

— Ndugu zangu, mchezo ule ni siasa tupu. Tazameni. Bwana Kisasi hana balozi wa nyumba kumi. Hana mwenyekiti. Anahukumu peke yake, anaua peke yake, halafu anavuta sigara peke yake. Ubepari huo! Hata kuua wamekufanya mali ya mtu binafsi.

— Kwa hiyo angeua kijamaa ingekuwa sawa? aliuliza Joram.

— Angalau kungekuwa na muhtasari wa kikao.

— Wewe Azimio unaona karibu, alisema Pasipoti. Wakubwa ndio wanaotuonyesha makusudi. Mchezo mzima polisi wamelala, hakimu anakula rushwa. Sasa mlevi akitoka baa anasema, basi, mimi sina haja ya kudai chochote, Bwana Kisasi atapita. Anakwenda kulala.

— Mkubwa gani anajitukana mwenyewe? aliuliza Azimio.

— Mwenye akili, mura.

Joram akaliweka birika chini. Kila alipoliweka chini, watu walijua kuna jambo.

— Nyote mmepotea. Mchezo ule ni wa wauza mapanga. Hamjaona panga linavyomulikwa? Linamulikwa kuliko bibi harusi. Halafu yule mtu, mwangalieni anavyotembea. Yule ni Mkurya! Wanatutangaza dunia nzima kwamba kazi yetu sisi ni kukata watu.

— Mkurya gani hana hata ng'ombe mmoja? aliuliza Pasipoti.

— Ndiyo maana ana hasira!

Benchi zima likatikisika kwa kicheko. Kisha wakakumbuka ni nani aliyekaa mwishoni, kicheko kikakatika.

— Utusamehe, Mseti, alisema Joram.

— Endeleeni tu. Mimi yule mtu nampenda. Mwizi anajulikana, anakatwa, imekwisha. Jioni mtaona.

Alisema kwa sauti kavu. Tangu usiku alikuwa ameuona mlango wa Heche mara nyingi akilini, na kila mara aliyefungua alikuwa Mokami, mke wa Heche.

Hapo akafika mama mmoja, mfuko wa tumbaku kichwani, anasubiri lori la Tarime. Jina lake Bhoke.

— Shikamoo, mama, walisema.

— Marahaba. Nipeni kahawa. Nani huyo mnayemsifu hivyo?

Wakamsimulia kwa pamoja, wakigombania panga na kitambaa, mpaka wakafika kwa yule wa ugali. Bhoke hakuwahi kuiona televisheni. Alisikiliza kama anayesikiliza habari za msiba wa kijiji cha pili.

— Sasa huyo aliyekuwa anakula, Bwana Kisasi alijuaje kuwa ndiye?

Pasipoti ndiye aliyejibu.

— Alijua tu, mama. Ni mchezo.

— Alimwona akiiba?

— Hiyo hawakuonyesha.

— Aliambiwa na nani?

— Mchezo ulianza akiwa anajua tayari.

— Ahaa, alisema Bhoke, akapuliza kahawa yake.

Mseti akamgeukia Pasipoti.

— Wewe ulimwona Heche na ng'ombe wangu?

— Mimi? Aliyesema ni Azimio.

— Mimi nilisikia hapahapa, kwa Joram!

Joram akalishika birika kana kwamba linataka kukimbia.

— Mimi nilisema Heche kanunua viatu. Viatu tu. Ninyi ndio mkasema, pesa katoa wapi.

Lori likapiga honi barabarani. Bhoke akamaliza kahawa, akajitwisha mfuko, akaondoka bila kujua amefanya nini. Mseti akaweka kikombe chini. Kisha akainuka.

— Unakwenda wapi? Si tumesema jioni? aliuliza Azimio.

— Nakwenda sasa, watu wakituona. Nikamuulize.

— Ukamuulize mwizi?

Mseti akaliacha panga pale pale chini ya benchi.

— Nikamuulize Heche, alisema, akashika njia mikono mitupu.