Fundi Aliyezima Kinu

Kwenye basi la asubuhi, mama mfugaji aliyekaa mbele yangu alimwona mpakiaji aliyekaa kando yake kavaa ovaroli ya kiwanda cha chakula cha mifugo, akamvaa bila hata salamu.

"Nyinyi ndio mliofunga juzi? Kuku wangu mia tatu walilala njaa. Kinu kilikuwa kinasaga vizuri, mkakizima!"

"Shikamoo, mama," alisema mpakiaji, kwa upole wa mtu aliyezoea kugombezwa na wateja. "Aliyekizima ni Bi Grisi, fundi wetu. Kila asubuhi anagusa beringi, zile zinazobeba mhimili wa kinu, moja moja kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa. Juzi moja ilikuwa ya moto. Bosi akafoka, maana foleni ilifika barabarani. Yeye akazima, akatia ufunguo wa swichi mfukoni, akamwambia, 'Nifukuze, lakini hakiwaki.'"

"Jeuri huyo!"

"Alipoifungua, chuma kilikuwa kimepasuka. Cheche moja tu kwenye lile vumbi la mahindi, mama, lingelipuka, na sisi tisa tuko ndani! Bosi alikaa juu ya gunia."



"Ana moyo," mama alikiri. "Lakini si angetupigia simu mapema, tukanunue kwingine?"

"Angejuaje kabla hajaigusa?"

"Hapo ndipo hatuelewani, baba."

Basi lilisimama, mpakiaji akashuka. Mama akatoa kichwa dirishani: "Mwambie kuku wamemsamehe. Mimi bado!"