Mama Kaveke Anastaafu Mara ya Tatu

Leo ni Jumapili, tarehe 30 Novemba 2025. Kamati ya kanisa imenipa mimi, Kanyiva wa kidato cha tatu, kazi ya kuandika wasifu huu, nami naahidi kusema yote, hata yale ambayo kamati ilisema si lazima.

Leo Mbithe Kimeu, ambaye sisi sote tunamwita Mama Kaveke, anastaafu baada ya kushona na kutundika vitambaa vya mimbari ya kanisa letu la Ngaani, hapa Kasikeu, kwa miaka thelathini na mmoja. Hii ni mara yake ya tatu kustaafu. Mwaka 2018 alipewa blanketi na thamosi, akaombewa, akalia kidogo. Alhamisi iliyofuata mwenyekiti wetu, Mzee Nthiwa, alikuwa mlangoni kwake akiulizia kitambaa cha Pasaka. Mwaka 2022 alipewa sufuria tano zenye vifuniko. Safari hiyo mwenyekiti alijizuia sana: alikuja Ijumaa.

Kazi ilianza mwaka 1994. Wakati huo mimbari yetu ilikuwa dawati kuukuu la shule lililosimamishwa wima, na wanafunzi walikuwa wamechonga juu yake maneno ambayo hayasomwi kanisani. Mama Kaveke aliombwa atafute namna ya kuyafunika. Alishona kitambaa cha buluu kilichosema MUNGU NI MWEMA. Mimbari ya kweli ilipoletwa, watu walikuwa wamekizoea, kikabaki.

Namna yake ya kufanya kazi haijabadilika. Herufi anazikata kwa kitambaa cheupe na kuzibana kwa pini. Kisha anatundika kila kitu kikiwa bado hakijashonwa, na kwenda kuketi benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango. Neno lisiposomeka kutoka hapo, anabandua yote na kuanza upya. Ndani ya pindo la chini anapitisha ufito ili upepo usikunje Neno la Mungu.

Wahubiri anawajua kwa mikono yao. Pasta Ndolo hupiga mimbari kwa mkono wa kulia kila anapotaja dhambi, basi upande ule una bitana mara mbili. Aliyemtangulia alikuwa akijifuta jasho kwa pembe ya kushoto, kwa hiyo pembe ile ilishonwa kwa kitambaa cha taulo. Wote wawili wamewahi kusifu vitambaa vyetu kwa kudumu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza sababu.

Hatutasahau Sikukuu ya Mavuno ya mwaka 2011. Kamati ilimpa picha ya kalenda yenye ngano na zabibu, ikamwambia ashone vivyo hivyo. Mama Kaveke aliitazama akauliza, "Nimshukuru Mungu kwa shamba la nani?" Akashona mtama na ndengu. Mgeni wetu wa heshima alihubiri dakika arobaini juu ya ngano na zabibu nzuri zilizokuwa mbele yake, na kanisa zima, ambalo lilikuwa limepanda ndengu hizo, likaitika amina.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo si lazima.

Tangu mwaka jana macho ya Mama Kaveke yana ukungu. Binti yake, Kaveke, anayeishi Kibwezi, alimtafutia siku ya kupasuliwa macho katika hospitali ya huko mwezi wa Aprili. Pasaka ikaingia, akaahirisha. Akapata siku nyingine Agosti. Kanisa likatimiza miaka sitini, akaahirisha. Siku ya tatu ni Jumanne, tarehe 9 Desemba. Daktari amesema jicho la kushoto halitangoja siku ya nne. Kaveke amepiga simu: "Mwaitu, mama yangu, ukikosa hii tena nakuja mwenyewe, na nakubeba mgongoni kama vile ulinibeba."

Wiki tatu zilizopita kamati iliamua kumuaga, safari hii kwa siri ili afurahi. Ikakubaliwa kwa kauli moja kwamba sherehe haifai bila kitambaa kipya mimbarini. Ndipo wakakumbuka kwamba anayeshona vitambaa ni mmoja tu. Mzee Nthiwa akatumwa. Mimi nilikuwa kwa Mama Kaveke nikichota maji kwenye tangi lake, kwa hiyo nilisikia.

"Mama Kaveke, kuna mtu anastaafu. Tunataka kitambaa ya kusema asante."

"Ni nani?"

"Hiyo ni siri ya kamati."

"Sasa nitashona jina gani, Mzee?"

"Wacha nafasi."

"Nafasi ya herufi ngapi?"

Mwenyekiti alihesabu kwa vidole, midomo ikienda polepole. "Kumi. Na kanafasi kadogo hapo katikati."

"Na huyo mtu, macho yake yako aje?"

"Mgonjwa kidogo," akasema mwenyekiti. "Lakini anajikaza."

"Haya. Mwambie pole."

Kamati ilipokwenda kukichukua, jina lilikuwa limekwisha kushonwa. Ikaitisha mkutano uliochukua saa mbili kumtafuta aliyetoa siri. Bado anatafutwa.

Kitambaa hicho ndicho mnachokiona mbele yenu, na sitakuwa nimesema yote nisiposema hili. Kimekwenda upande. Pindo la kulia liko chini kwa vidole viwili. Jana alikitundika mwenyewe, akaenda kuketi benchi la mwisho, akatazama kwa muda mrefu, akasema kiko sawa. Katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kusema hivyo juu ya kitambaa kilichopinda. Alipoondoka, kamati ilichunguza na kuamua kwamba kasoro ni ya mimbari. Wakakunja karatasi na kuisokomeza chini ya mguu wake. Pasta Ndolo, tafadhali leo upige polepole.

Kwa hayo yote tunakushukuru, Mama Kaveke. Tulikuwa tunainua macho kila Jumapili na kukuta kuna neno la kusoma, tukadhani linaota pale lenyewe. Tunakuombea macho mapya, usingizi wa mchana usio na mtu mlangoni, na wajukuu wa Kibwezi uwaone nyuso zao vizuri.

Imebaki taarifa moja. Katika kumbukumbu za mkutano wa Jumanne iliyopita, chini kidogo ya mipango ya kukuaga, imeandikwa kwamba kitambaa cha Krismasi kitaletwa tarehe 20 Desemba "na mstaafu wetu mpendwa". Satini nyekundu imeshanunuliwa na inakungoja ofisini.

Shule zimefungwa hadi Januari. Shuleni nilishona mfuko wa vitabu, na mwalimu alipima pindo langu kwa rula akanirudishia mfuko bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni sifa. Najua herufi zangu za kwanza zitabanduliwa, pengine mara nyingi. Mwenyekiti hajaniuliza, wala mimi sijamuuliza. Nakuuliza wewe, na naomba jibu leo, kabla chai haijaisha: Mama Kaveke, nikiichukua hiyo satini mimi na kuja kwako kesho asubuhi unionyeshe kukata, utakwenda Kibwezi tarehe tisa?