Ufunguo na Rozari kwenye Kamba Moja

Mama tunayemlaza leo katika udongo wa Goma ni Léonie Katungu, mjane wa Édouard Kambale. Tusidanganyane mbele ya jeneza lake: alikuwa mwoga. Waliokaa naye wanajua, na yeye mwenyewe hakuficha. Atakayemsifu kwa ushujaa bila kutaja woga wake atakuwa anamzika mtu mwingine.

Alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1964, binti wa Papa Ézéchiel Muhindo, mkulima, na Mama Kyakimwa. Radi ikilia alijificha chini ya kitanda, na mama yake alimpelekea chakula hukohuko. "Huyu mutoto," mama alikuwa akisema, "siku ataolewa, bwana yake anunue kitanda cha miguu mirefu."

Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Butembo, akaimaliza mwaka 1977, kisha akasomea kukata na kushona nguo. Baba yake alipofariki mwaka 1979, masomo yakaishia hapo. Hakulia sana juu ya hilo. Sindano aliijua, lakini akili yake ilikuwa sokoni tangu zamani.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Édouard, dereva wa lori, mtu wa kucheka na kila mtu. Mwaka 1990 walihamia Goma, mtaa wa Katindo, katika nyumba ya mbao kama za majirani wote. Mungu akawapa Charline, Guylain na Florent. Léonie akaanza kuleta maharagwe kutoka Rutshuru. Alipofika kwa muuzaji hakutazama mdomo wa gunia. Aliingiza mkono hadi begani, akatoa ya chini. "Ya juu ni salamu," alisema. "Mali iko chini." Wauzaji walimwona akija wakaguna, lakini wateja wa Goma walinunua kwake macho yamefumbwa.

Tarehe 12 Septemba 2007, jioni, sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikiwa mezani, mtu alipiga hodi langoni. Sauti ikasema: "Fungula, ni sisi majirani." Édouard hakuwa mtu wa kuuliza majirani gani. Alifungua. Waliompiga risasi hawajajulikana hadi leo.

Tangu siku hiyo woga ulihamia kwake kama mpangaji asiyetoka. Kila faida ya maharagwe iliingia ukutani. Mawe ya volkano hapa kwetu hayafuatwi mbali, mlima ulikwisha kuyaleta hadi mlangoni. Léonie akayapanga, akayashika kwa saruji, akapata nyumba ambayo risasi haipiti. Akaweka lango la chuma. Mdogo wake Edmond, mwenye duka la vyuma, ndiye aliyemuuzia makufuli, na kila kufuli aligombania bei yake kana kwamba hawakunyonya ziwa moja. Ufunguo aliufunga kwenye kamba ya rozari, akauvaa shingoni, akalala nao. Ukipiga hodi kwake ulitaja jina lako, la baba yako, na uliposali Jumapili. Guylain alisema hata Malaika Gabrieli angeombwa kitambulisho.

Kusali alisali. Hakukosa misa, hakukosa shirika, yaani majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Lakini ilipofika zamu yake alikuwa na sababu: maji hayapo, mutoto anaumwa. Hakutaka watu wengi waone mlango unavyofunguka.

Oktoba 2023 hakuweza kukwepa. Sanamu ya Bikira Maria ilikuwa inatembezwa, kila nyumba siku moja, na anayeipokea huacha lango wazi ili wote waingie kusali. Léonie aliipokea kwa heshima, akaiwekea maua na kitambaa cheupe. Halafu, mkono ukiwa umezoea, akafunga kufuli. Shirika zima lilifika likakuta chuma. Wakasali rozari barabarani, wamesimama juu ya mawe, na mvua ikaanza. Mama Umuhire, kiongozi wao, mwanamke wa vilima vya Masisi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akapaza sauti juu ya ukuta:

"Mama Léonie! Bikira amekosa nini? Tulete mutu wa kumutoa kifungoni?"

Watu walicheka hadi wakapoteza hesabu ya Salamu Maria. Ndani, Léonie alikuwa amekaa mbele ya sanamu akilia kwa aibu. Alipofungua hatimaye, Mama Umuhire aliingia peke yake, akakaa.

"Minasali woga initoke," Léonie akamwambia. "Haitoki. Labda imani yangu ni ya bure."

"Nani alikuambia itatoka? Mimi yangu iko. Woga yako ikae pale kwenye kiti, hata chai tuipe. Ila ufunguo usiipe."

Léonie aliyachukua maneno hayo kama alivyochukua bidhaa: akayaweka moyoni ayapime kwanza.

Kipimo kilikuja Jumatatu tarehe 27 Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini. Umeme ulikuwa umekatika, maji yamekatika. Katindo, mnajua wenyewe, kambi ya jeshi iko pale. Mabomu yalipita juu ya mabati kama lori lisilo na breki. Léonie alikuwa chini sakafuni koridoni na Charline pamoja na wajukuu, mkono wake umekamata ile kamba. Ndipo lango likagongwa.

"Mama Léonie, fungula! Ni sisi majirani!"

Maneno yaleyale. Charline anasema mama yake alibadilika rangi, akajikojolea, na ametupa ruhusa tuyaseme haya kwa sababu mama mwenyewe aliyasema kanisani.

"Mama, usifungule," Charline akamshika kitenge. "Papa aliitwa vilevile. Vilevile!"

Kule nje mtu alilia, kisha sauti ya kijana: "Ni mimi Lionel, wa Mama Umuhire! Bomu imeangukia nyumba. Joyeuse ameshikwa na uchungu!"

Joyeuse alikuwa mke wa Lionel, mimba yake imefika mwisho, na nyumba yao ilikuwa ya mbao. Léonie alijua. Lakini alijua pia kwamba mwizi anaweza kujifunza majina ya mtaa mzima.

Alisali. Haikuwa sala ya kuandikwa kwenye kadi. Charline, aliyekuwa karibu, aliisikia: "Bwana, miye siwezi. Nimekuomba miaka yote uitoe woga, umekataa. Sawa, ibakie. Lakini mukono ni wako, uupeleke." Ukakamavu haukuja, wala amani, wala sauti kutoka mbinguni. Alitoka akitambaa kupita uani, meno yakigongana. Ufunguo ukakataa tundu; akaushika kwa mikono miwili, rozari ikigonga chuma. Akafungua.

Alikuwa ni Lionel kweli, na Joyeuse, na Mama Umuhire mwenye damu usoni. Nyuma yao walikuwa watu wa barabara nzima ya nyumba za mbao. Léonie aliwaona wote, akasema neno moja: "Ingieni." Mama Umuhire, akipita akiwa ameinama, akamwambia: "Leo haukuniuliza jina la baba yangu." Mtoto alizaliwa koridoni, juu ya magunia ya maharagwe. Ni mvulana, anaitwa Édouard.

Woga uliijenga nyumba ile, Bwana akaitumia. Baada ya hapo lango lilikaa wazi mchana wote, na shirika likasali kwake kila juma. Kila hodi ilimshtua bado. Alishtuka, akafanya ishara ya msalaba, akasema "karibu".

Sukari aliyougua tangu 2019 ilimzidi mwaka huo, dawa zilipoadimika, hatimaye figo zikachoka. Alilazwa katikati ya Oktoba. Tusipake rangi: kitandani aliogopa sana. Siku ya mwisho, asubuhi, alimwita Charline.

"Kule ninakoenda, mulango anafungula nani? Kama hanijui?"

Charline, aliyewahi kumshika kitenge asifungue, alimjibu: "Mwambie ni wewe, jirani."

Mama alicheka kidogo, bila sauti. Akafariki adhuhuri, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, mkono wake ukiwa wazi juu ya shuka.

Ameacha watoto wake Charline, Guylain na Florent, wajukuu sita, mdogo wake Edmond, Mama Umuhire na nyumba yake, ambao tunawahesabu kuwa familia, na Édouard mdogo, anayejifunza kutembea katika ua uleule. Kamba tumeigawa: rozari anakwenda nayo, ufunguo umebaki kwa Charline.

Apumzike kwa amani katika nyumba isiyobomolewa na bomu. Matanga yako Katindo, na lango liko wazi. Atakayekuja asipige hodi.