Aliitwa Mara Tatu

Basini, mbele yangu, mama fundi cherehani alikuwa akimlalamikia mzee wa kando yake. Binti yake, kiziwi, alikaa dirishani upande wa pili. “Chuo kimeandika hakufika kwenye mtihani wa maabara. Eti aliitwa mlangoni mara tatu, hakuitika. Na alikuwa benchi la kwanza, baba, kavaa koti jeupe nililomshonea mwenyewe.”

Mzee, karani mstaafu, alisema asiyeitika huandikwa hayupo. “Na fomu aliyojaza kwamba hasikii?” mama akauliza. “Hiyo hukaa ofisi nyingine, mwanangu.” Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionikera.

Walikuwa bado wanabishana basi liliposimama. Kondakta alimwita binti ashuke, mara moja tu. Alipoona hageuki, akaenda kumgusa bega. Sidhani kama amesoma chuo.