Maisha ya Zakayo Musyoka Ndeti, Aliyeufundisha Mtaa Kushusha Mapaa

Ndugu, jamaa, majirani wa mtaa huu wa Barani, na ninyi mliosafiri kutoka Machakos, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu. Mimi ni Monicah Ndinda, dada anayemfuata kwa kuzaliwa. Mtaniwia radhi nikisoma polepole. Nimekaa kando ya kitanda chake tangu Agosti ya mwaka jana, na uchovu wenyewe haujapata nafasi ya kunitoka. Marehemu aliagiza yasemwe maneno machache. Nitajaribu, ingawa sidhani kama nitaweza.

Zakayo Musyoka Ndeti alizaliwa tarehe 9 Aprili 1934 huko Mwala, Wilaya ya Machakos, akiwa mtoto wa kwanza wa Ndeti Kimuli na Syombua Ndeti, ambao wote wametangulia. Mwaka 1941 baba yetu alishuka pwani kufanya kazi katika shamba la mkonge karibu na Kilifi, nasi tukamfuata. Kwa hiyo marehemu alikulia kati ya Wagiriama na Waswahili, na Kikamba chake kilibaki na lafudhi iliyowachekesha wajomba kila tuliporudi nyumbani. Walimwita Mswahili. Aliendelea kula tu.

Alianza masomo mwaka 1943 katika shule ya misheni iliyokuwa jirani na shamba hilo, akamaliza darasa la sita mwaka 1949. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Alikabidhiwa kengele ya shule. Siku moja aliona moshi ukitoka jikoni kwa mwalimu mkuu, akaigonga ile kengele mpaka shule nzima ikakimbilia uwanjani na ndoo. Kumbe mpishi alikuwa akibanika samaki. Alichapwa viboko mbele ya wote. Mama alipomkanya asirudie, alisema angerudia. Hivyo ndivyo alivyokuwa, na hakubadilika hata alipoota mvi.

Mwaka 1955 alikwenda Mombasa akafanya kazi ya usafi, na mwaka 1958 akaingia zimamoto. Huko alifunzwa mambo ya mpira wa maji, ngazi, na kumbeba mtu mgongoni akishuka naye. Tarehe 15 Machi 1975 aliletwa hapa Malindi, katika kituo kidogo chenye gari moja, apate kuwafundisha vijana walioajiriwa wapya. Aliwafundisha kila Jumamosi asubuhi. Waliopita mikononi mwake wako hapa leo, wamevaa sare zao, nao wanajua kwamba hakuwa mwalimu wa maneno matamu.

Hapo katikati nimeruka ndoa, na mjane ameniangalia. Marehemu alifunga ndoa na Hannah Nyaboke tarehe 12 Septemba 1964, kanisani Kilifi. Hannah alikuwa ametoka Kisii kuja kukaa na kaka yake aliyekuwa askari polisi. Siku ya harusi, wageni wakiwa mezani, bwana harusi alitoweka. Hannah ameniambia alidhani ametorokwa. Alikutwa nyuma ya banda akihamisha taa za karabai moja baada ya nyingine, kwa sababu zilitundikwa karibu mno na makuti ya paa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ndeti na Easter.

Sasa nije kwenye jambo lililomchosha.

Ninyi wa bara huenda hamjui moto wa makuti. Nyumba ikishika, maji ya ndoo hayasaidii kitu. Upepo unachukua vipande vinavyowaka na kuvitupa juu ya paa la jirani. Dawa ni moja, na watu wa pwani waliijua zamani kabla ya kaka yangu kuzaliwa: unaiacha inayowaka, unakimbilia ile inayofuata kwa upande wa upepo, unakata kamba, unalivuta paa lote chini na kulikokota mbali, ili moto ukifika ukose chakula. Lakini kubomoa nyumba ya mtu ambayo haijaungua ni jambo zito.

Tarehe 22 Januari 1981 moto ulizuka katika mtaa mmoja wa hapa mjini. Gari halikuweza kupita vichochoroni, kwa hiyo marehemu na wenzake walikimbia kwa miguu hadi nyumba iliyopaswa kushushwa paa. Walipofika mlangoni walipiga hodi. Sauti ya mwanamke ikawajibu kutoka ndani kwamba yumo mjane aliye edani, na mwanamume wa nyumba ametoka. Mwanamke aliye edani haonwi na wanaume wa nje, na hilo wote tunaliheshimu. Basi wakangoja. Walisimama pale na mapanga yao, wanaume wazima wenye adabu zao, wakingoja mwenyewe aitwe. Alipofika, moto nao ulikuwa umefika. Wanawake wale walitoka salama, lakini safu nzima ya nyumba ilikwenda, na katika nyumba ya mwisho alikufa Bi Kamaria, mzee asiyeona, aliyekuwa peke yake.

Marehemu alihudhuria maziko. Yule mwenye nyumba alimwuliza mbele za watu, bila hasira, "Bwana Musyoka, mbona mlingoja? Si nyinyi ndio wenye kazi?" Hannah anasema tangu siku hiyo usingizi wa kaka yangu ulikatika.

Ndipo alipoanza kazi ambayo haikuwamo katika mshahara wake. Alikwenda kwanza kwa Mzee Uthman Stambuli, ambaye ana viwanja vingi hapa Barani na neno lake lasikilizwa. Mzee Uthman yupo, atanisahihisha nikikosea. Alimwuliza marehemu, "Wataka watu wakubali leo kuja kubomolewa kesho?"

"Ndio, mzee wangu."

"Na heshima ya mlango, Musyoka? Waiweka wapi?"

"Tuiweke leo, mzee wangu, tukiwa na nafasi ya kuulizana. Siku ya moto nafasi hiyo hatutakuwa nayo."

Mzee Uthman akasema, "Haya. Anza na langu."

Tangu hapo, kila Desemba, kabla upepo wa kaskazi haujakausha makuti, watu wa mtaa walikutana uwanjani. Kila mwenye nyumba alisimama mbele ya majirani, Mwislamu na Mkristo, akatamka kwamba siku ya moto paa lake ni lao, na kwamba yeye haulizwi. Haulizwi hata akiwepo, maana marehemu alisema mwenye nyumba siku zote atasema ngojeni. Likaundwa kundi la wanawake, ili pakiwa na aliye edani au mzazi aliyejifungua karibuni, waingie wao wamtoe. Kiongozi wao akawa Bi Zeina, bintiye Mzee Uthman. Walijifunzia kwenye banda bovu nyuma ya kituo, kwa panga na upembo, ule mti wenye ndoano wa kuangulia maembe. Walivuta paa, wakaezeka tena, wakavuta tena. Akina mama walimtania kwamba banda lile limekuwa bibi harusi, kila Jumamosi lafunuliwa.

Msidhani ilikuwa kazi ya kupigiwa makofi. Walikuja wengi mwezi wa kwanza, wa pili wakapungua. Wapangaji walihama, wakaja wengine kutoka bara wasiojua lolote, akaanza upya. Alipofundisha wafanyakazi wa hoteli kule Bofa, nusu yao walikuwa wakisinzia. Alikwenda hadi Adu kwa baiskeli, akakuta watu wa huko wamesahau kwamba waliahidiana naye. Alirudi jioni amechoka kama punda wa maji, akamwambia mkewe neno lile lile: "Mama Ndeti, nataka siku moja moto uzimwe mimi nikiwa nimelala." Hannah alimjibu, "Basi lala sasa." Lakini mtu huyu hakuwa na tamaa nyingine. Hakutaka cheo wala gari. Alitaka kujua kwamba watu hawa wataweza bila yeye, na miaka yote ile hakulijua.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1985. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umeingia na kukaa. Alistaafu kwa sababu ya afya tarehe 30 Juni 1987, nami nikaja Agosti kusaidia kumwuguza. Hadi kufika Novemba hakuweza tena kutembea. Mkutano wa Desemba ulifanyika bila yeye, akamtuma Hannah aitamkie nyumba yao ahadi ile. Hannah aliporudi, marehemu alimwuliza kama watu walijaa. Hannah si mwongo. Alimwambia walikuwa wachache. Kaka yangu aligeukia ukutani, akakataa chakula.

Jumanne tarehe 16 Februari 1988, baada ya adhuhuri, sufuria ya mafuta ilishika moto katika nyumba ya tatu kutoka yetu, na upepo ulikuwa unakuja upande wetu; zile za kati zilishika mara moja. Hannah alikuwa sokoni. Nilikuwa namnywesha kaka yangu dawa. Sikusikia hodi. Niliona wanawake wanne tu wameshaingia chumbani, mbele yao Bi Zeina, amejifunga kanga kiunoni. Walilishika godoro kwenye pembe zake, wakamtoa mgonjwa mpaka nje, kando ya ukuta wa ng'ambo ya kichochoro, na wakati huo vijana walikuwa juu wanakata kamba za paa letu.

Kaka yangu aliinua mkono. Alisema kwa sauti niliyodhani imekwisha siku nyingi, "Ngojeni! Ngojeni kwanza! Upepo utageuka!" Nami nilipiga kelele kuliko yeye, nikiwauliza mgonjwa huyu atalala wapi.

Bi Zeina alikuwa ameshachomeka upembo wake kwenye fito. Alimwangalia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Mwenye nyumba haulizwi. Ndiwe uliyetufunza." Kisha akavuta, na wenzake wakavuta, na paa letu likaja chini.

Moto ulifika. Ulikuta kuta za udongo na vijiti vitupu, ukahangaika hapo, ukapungua. Vijana wa zimamoto waliburuta mpira kutoka barabarani wakaumaliza. Nyumba zote zilizo nyuma yetu zilisalia, na hakufa mtu wala kuku.

Marehemu alihamishiwa nyumbani kwa Bi Zeina. Nilimchukia mama huyu, na salamu yake sikuiitikia, naye akaendelea kuleta uji. Kaka yangu naye alinuna. Alilalamika kwamba makuti yale yalikuwa mapya, kwamba wangeshusha la nyumba ya nyuma yetu, kwamba vijana wa siku hizi wana haraka. Alisema yote ambayo wenye nyumba walikuwa wakimwambia yeye. Siku ya tatu jioni aliniita. "Ndinda, ni kweli nilisema wangoje?"

Nikamwambia, "Ulisema."

"Wakangoja?"

"Hawakungoja."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikampangusa mdomo. Kilipotulia alisema, "Basi," akalala, akalala mpaka jua likawa juu. Tangu nije sikuwahi kumwona akilala hivyo. Niliogopa. Ningependa angekasirika zaidi, kwa kuwa mwenye hasira bado ana shughuli na dunia. Yeye shughuli yake ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa bado namtaka.

Alifariki asubuhi ya Jumamosi tarehe 27 Februari 1988, mkewe amemshika mkono. Wako wanaonong'ona kwamba aliuawa na baridi ya kukosa paa. Daktari alikuwa ametuambia tangu Januari tujiandae. Tafadhali mnong'ono huo usimfikie Bi Zeina, aliyeko jikoni sasa. Amechoka kama mimi.

Marehemu ameacha mjane, Hannah Nyaboke, mwanawe Ndeti, anayefanya kazi bandarini Mombasa, binti yake Easter, wa hoteli kule Bofa, wajukuu watatu, na mimi dada yake. Aliomba asirudishwe Mwala, azikwe hapa alipofanyia kazi, na wajomba wamekubali, nawashukuru.

Limebaki tangazo moja. Nyumba ya marehemu, kama mnavyoiona, iko wazi, na hatuna pa kuwalaza wageni. Majirani wametandika katika nyumba zilizo nyuma yetu, kila mmoja amechukua watu wake, na hakuna atakayelala nje. Mkishalala usiku huu, kabla ya kuzima taa, tazameni juu.

Naye sasa tumwache alale. Bwana ampe pumziko.